Tuta Lisilolimwa la Stenarve

Hillevi Rosvall alijifunza kusoma mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa shuleni, kama watoto wote wa kisiwa chetu cha Gotland. Mara ya pili ilikuwa kwenye sakafu ya kanisa, akiwa amevaa soksi tu, kwa sababu bibi yake Tekla ndiye aliyelisafisha kanisa na hakuruhusu viatu juu ya mawe yaliyokwisha kupigwa deki. Kati ya mawe hayo lilikuwepo moja la kaburi lenye runi, zile herufi za kale za mistari iliyonyooka ambazo watu wa kisiwa chetu waliendelea kuzichonga hata baada ya Waswidi wengi wa bara kuziacha. Bibi aliegemea fagio lake, akamwonyesha jina kwa kidole cha mguu.

"Botulf," alisema. "Babu yetu huyo. Msalimie."

Hillevi alimsalimia Botulf kila Jumamosi mpaka alipokwenda chuo kikuu huko Uppsala, na kazi yake ya kwanza ya chuo aliiandika juu ya jiwe hilo. Mwalimu wake, Ebba, mwanamke mfupi aliyevuta kiko, alisafiri naye hadi kisiwani kwenda kulitazama. Hakumwambia kwamba amekosea. Alimketisha akiwa amelipa jiwe mgongo, akampa karatasi, kisha yeye mwenyewe akapiga magoti na kutaja alichokiona. Mstari wa wima. Tawi, kulia, juu. Mkwaruzo usio na kina. Hakuna kitu. Hakuna kitu.

"Umeandika nani?" Ebba aliuliza walipofika mwisho.

"Si Botulf."

"Nani basi?"

"Sijui. Nusu ya jina ni mikwaruzo ya miguu ya mabenchi."

"Vizuri. Ulikuwa unasoma kilichomo kichwani mwa bibi yako. Leo umesoma jiwe."

Tekla hakumsemesha mjukuu wake mpaka Krismasi. "Umemuua babu," alilalamika akimpakulia wali wa maziwa, "na alikuwa ameshakufa!"

Kutoka hapo Hillevi alishika njia mbili, na watu walimshangaa. Nusu ya mwaka aliinama juu ya runi makanisani, na nusu nyingine aliwafukulia polisi watu waliofichwa ardhini. Yeye hakuona tofauti kubwa. Jiwe likishachongwa haliponi, na udongo ukishachimbwa haurudi kulala kama ulivyolala mwanzo: rangi huchanganyika, ukingo wa shimo hubaki, na mara nyingine alama ya beleshi yenyewe huonekana kwenye mfinyanzi kama alama ya patasi. Kazi ilikuwa kutaja kilichopo kabla ya kukiita jina.

Torgny, mpelelezi wa mji wa Visby aliyemwita mara ya kwanza kwa ajili ya mifupa iliyotokea barabarani, alipata shida kuizoea tabia hiyo. Alimngoja juu ya shimo mchana kutwa ili aambiwe neno moja. Hatimaye Hillevi alipanda, akajipangusa magoti.

"Huyu ni mzee kuliko kanisa," alisema. "Nenda nyumbani ukale."

"Kwa hiyo sina mtuhumiwa?"

"Unaye. Ila usimngoje."

Walifanya kazi pamoja tangu siku ile. Hillevi alikuwa amekaribia umri wa miaka hamsini wakati Torgny alipompigia simu asubuhi moja ya Septemba, akiwa hana mzaha hata kidogo.

"Sixten wa Stenarve anataka tukafukue lile tuta."

Kila mtu katika parokia alilijua tuta la Stenarve. Lilikuwa katikati ya shamba zuri la viazi, refu kama mashua iliyopinduliwa, na halikulimwa kamwe. Walilima kulizunguka. Hakuna aliyesema kwa sauti kilichokuwa chini yake, lakini kila mtoto alikua akikijua: Algot. Algot alikuwa kijana wa kazi shambani hapo, zamani sana, wakati Sixten mwenyewe akiwa mtoto wa shule. Vuli moja alitoweka. Wiki ileile watu walimwona Valfrid, baba yake Sixten, akichimba peke yake shambani na kusomba mifuko. Polisi wa wakati ule walimhoji. Valfrid alisema Algot ameondoka na hajui kaenda wapi, na kuhusu tuta alisema ni shamba lake na analichimba apendavyo. Hakuongeza neno hadi alipozikwa, na kanisani siku hiyo kulikuwa na watu wachache mno kwa mkulima wa mahali petu.

Sixten alirithi shamba, akarithi na ule ukimya. Watu walimsalimia dukani, lakini hakualikwa kutupa varpa, mchezo wetu wa kurusha mawe bapa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa upande mmoja naye. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, na binti yake Ylva alitaka kurudi kutoka bara kulima.

"Simpi mwanangu shamba lenye mtu ndani," alimwambia Hillevi uani. Alikuwa mzee mkubwa mwenye mikono iliyochubuka. "Kama baba alimuua, nataka kujua leo. Kama hakumuua, nataka wao wajue." Akaelekeza kidevu kwenye ukuta wa mawe ulio pembeni ya barabara.

Kwenye ukuta huo alisimama mwanamke mwembamba aliyevaa koti la bluu. Ingegerd, mdogo wake Algot. Alikuwa mtoto wa miaka sita kaka yake alipotoweka, na alikuwa hajakanyaga Stenarve maisha yake yote.

"Mwiteni aingie," Hillevi alisema.

"Nimemwita," Torgny alijibu. "Kasema anaona vizuri kutoka pale."

Hillevi aliondoa nyasi kwanza. Halafu akafanya jambo lililomfanya Torgny atikise kichwa: akaweka kreti la maziwa chini, akamketisha Sixten akilipa tuta mgongo, akampa ubao na kalamu.

"Nitataja, utaandika. Usigeuke."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye unayejua kupita wote kilichomo humu. Nataka mkono wako uandike usichokijua."

"Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikuwa na huruma kuliko wewe."

"Udongo mweusi, mizizi. Andika."

"Mizizi ya nini?"

"Mizizi. Usiniulize ya nini."

Kalamu ilikwaruza. Kutwa nzima walikwenda hivyo, naye Ingegerd hakuondoka ukutani. Mara ukingo ukatokea, ulionyooka, uliokatwa kwa beleshi: nje njano, ndani kijivu kilichochanganyika na vipande vya mawe.

"Kaburi," Torgny alisema.

"Nimesema ukingo."

"Hillevi, hata mimi naona."

"Ndiyo maana wewe huandiki."

Siku ya pili alishuka kwa mwiko na brashi, na alasiri sauti yake ikatoka shimoni taratibu kuliko kawaida. "Nyeupe. Tabaka nene kama ngumi. Imetandazwa."

Kalamu ilinyamaza. "Nyeupe ni nini?"

"Nyeupe, Sixten."

Torgny aliinama, akachungulia, akavuta pumzi. Alijaribu kunong'ona lakini upepo ulikuwa umetulia. "Chokaa iliyochomwa. Kila polisi anajua watu humwagia nini chokaa."

Ukutani, Ingegerd alikaa chini juu ya mawe kama mtu aliyesukumwa. Sixten aliweka ubao juu ya magoti.

"Basi ni yeye," alisema. "Basi yote yalikuwa kweli."

"Bado nina upande mmoja," Hillevi alisema. "Shika kalamu."

"Hillevi, mwache mzee," Torgny akamwambia.

"Shika kalamu, Sixten."

Akaishika. Hillevi alihamia upande wa kusini, ambako ukingo haukunyooka bali ulijitokeza nje kama ulimi. Aliufukua kwa saa nzima. Udongo ulikuwa umekatwa kwa mteremko uliotoka juu hadi chini kabisa, laini, na juu ya mfinyanzi wake ilipita mifereji miwili iliyolingana.

"Mteremko," alitaja. "Upana wa mlango wa ghala. Mifereji miwili, sambamba, inashuka hadi chini. Chini ya mteremko, mwamba wa kijivu."

Sixten aliandika, kisha akasoma alichoandika, na midomo yake ikarudia maneno. "Hiyo ni mifereji ya gari letu la kuburuta," alisema. "Lile la mbao mbili chini, la kusombea mawe. Linavutwa na farasi."

"Linaweza kumbeba mtu," Torgny akasema.

"Algot alikuwa mnene?" Hillevi aliuliza.

"Algot?" Sixten alicheka bila kutaka. "Suruali yake ilishikiliwa na kamba."

"Nani basi amchimbie barabara? Mtu mwembamba unambeba begani." Kisha akaitazama ile nyeupe iliyokuwa karibu na mkono wake, akaweka mwiko chini kwa uangalifu sana. "Torgny, toka hapo ukingoni. Usijiguse usoni. Hakuna anayeshuka humu tena. Sixten, sasa geuka. Vuli ile, kuna ng'ombe wenu aliyekufa?"

Mzee aligeuka juu ya kreti. "Hakuna aliyekufa. Majros aliuzwa. Baba alisema amemuuza kwa mtu wa kaskazini."

"Ulimwona akiondoka?"

Sixten aliutazama mteremko. Kisha akasema, kama anayesoma kitu kilicho mbali, kwamba hakumwona. Kwamba majira yale baba yake alikuwa akimwaga maziwa mtaroni kila asubuhi na kumwambia mama kuwa yameganda. Kwamba yeye aliamriwa asicheze pale, akachapwa siku alipopitia tu.

Daktari wa mifugo alikuja na watu wake waliovaa mavazi meupe mwili mzima. Hillevi aliwaomba watoboe matundu membamba yaliyokaribiana, kwa mistari, tangu ukingo hadi ukingo. Kila tundu lilileta kilekile: chokaa, mfupa au pembe au manyoya ya ng'ombe, chokaa tena, halafu mwamba. Maabara iliposema, ilisema kimeta. Ugonjwa unaoua ng'ombe kwa siku moja, unaobaki ardhini miaka na miaka, ambao kwa sheria mkulima alipaswa kuutangaza palepale.

Torgny alileta habari jikoni Stenarve, na alionekana kama mtu aliyedhulumiwa. "Nieleweshe, Sixten. Alikubali aitwe muuaji maisha yake yote, kuliko kusema ng'ombe wake kaugua?"

"Wewe ni mtu wa mjini."

"Jibu swali."

"Nimelijibu. Angetangaza, maziwa ya parokia nzima yangekataliwa kiwandani, na majirani wangemkumbuka kwa hilo. Muuaji ni jambo lake peke yake na Mungu. Maziwa ni ya wote." Sixten alijifuta macho kwa kiganja. "Mjinga yule. Mjinga mkubwa. Aliona wanavyofikiri, akaona ni nafuu!"

Hillevi alikuwa akimtazama Ingegerd, aliyesimama mlangoni. Ylva, aliyefika kutoka bara siku ile, ndiye aliyekwenda kumchukua barabarani, akamshika mkono akamwingiza bila kumuuliza.

"Wewe ndiye unayejua," Ingegerd alimwambia Hillevi. "Hawezi kuwa chini ya ng'ombe?"

"Chini ya ng'ombe ni mwamba. Valfrid alichimba mpaka aliposhindwa."

"Pembeni?"

"Kati ya tundu na tundu angeenea mbwa. Mtu hapana. Algot hakuzikwa pale, Ingegerd. Hilo nakuhakikishia."

"Yuko wapi basi?"

Wengine kwenye kazi yake wangekuwa na neno la kumpa. "Sijui," Hillevi alisema. "Sina chochote cha kusoma kuhusu hilo. Samahani."

Ingegerd alikubali kwa kichwa. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akiwa bado amefunga vifungo vya koti. Kwa muda alionekana amenyang'anywa kitu, na kwa kweli alikuwa amenyang'anywa, maana tangu utotoni alikuwa na mahali pa kutazama kila alipopita barabara ile, na sasa hakuwa napo.

"Nilimchukia baba yako," alimwambia Sixten.

"Najua."

"Na wewe pia, kwa ajili yake."

"Hilo nalo najua. Ulikuwa unavuka barabara hata kukiwa na matope."

"Viatu vingi nimeharibu." Karibu atabasamu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ambayo haikulingana na umri wake: "Mimi simkumbuki. Nakumbuka buti zake tu. Mama alikataa kumtaja. Wewe ulikaa naye nyumba moja, Sixten. Ulikuwa mkubwa kuliko mimi."

Sixten alishangaa, kama mtu aliyeulizwa ufunguo ambao amekuwa nao mfukoni siku zote. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nani angethubutu kuuliza habari za Algot katika nyumba ile?

"Alikuwa akila viazi na maganda," alianza. "Mama aligomba. Alisema maganda ndiyo nyama ya maskini. Na alikuwa mwongo kwenye varpa, alikuwa akisogeza kijiti cha shabaha kwa mguu, hivi..." Akainuka kuonyesha, akajishika meza.

"Kwa mguu upi?"

"Kushoto. Hapana. Ngoja. Kushoto, ndiyo. Halafu anapiga mluzi ili usitazame chini."

"Wimbo gani?"

"Wee, sijui jina lake. Ulikwenda hivi." Mzee wa Stenarve akakaza midomo, akapiga mluzi uliovunjika kila mahali, akaanza tena. Ingegerd aliinamisha kichwa kusikiliza, na mkono wake ukaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine.

Hillevi alimwita Torgny kwa jicho. Walitoka polepole kupitia mlango wa nyuma, na hakuna aliyewaona wakiondoka.