Safari ya Kwenda Kufundishwa Kusimama

Niungame mapema, ili mnicheke mara moja yaishe. Kwa wiki mbili nilifanya mazoezi ya Kichina ya kutuliza moyo, yale ya taratibu, kwa mwendo wa mtu mwenye siafu ndani ya suruali. Video niliipata kwenye simu, na kwa kuogopa bando kuisha nikaiwekea kasi maradufu. Yule mzee wa Kichina haongei, anapunga mikono tu, mi ningejuaje? Nikapunga naye. Kila asubuhi nilimaliza nikivuja jasho, moyo ukipiga zaidi kuliko nilivyoanza, na shemasi alishapita mara mbili kuuliza kama nyumbani kwangu kuna mapepo.

Mapepo hayakuwapo. Mi ni mshonaji hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na mwaka jana nilimkatia mke wa huyo huyo shemasi kitenge cha ndege, juu chini. Pasaka akaingia kanisani ndege wote wakiruka miguu juu. Tangu siku ile nikishika makasi mkono unatetemeka. Kliniki walinipima tansio, yaani presha, wakasema moyo ni mzima, ni wasiwasi mdogo, nitafute cha kunituliza. Na sasa mezani kwangu palikuwa na vitenge vya mama ishirini na wanne wa korali, kwaya ya kanisa, na kwa bahati yangu, navyo vina ndege. Jirani yangu Mama Riziki, prezida wa korali, alikuwa amenipa siku ya mwisho:

"Jumatatu usipokata, Papa Neema, nachukua bitambaa byetu napeleka kwa fundi mwenye iko na mikono."

Dada yangu Nsimire, anayeshona kule Biwi, mjini Lilongwe, alikuwa na habari ya mama mmoja wa mtaa wa Area 18, nesi mstaafu, anayefundisha mazoezi hayo bure uani kwake. "Kuya," akaniambia kwenye simu, yaani njoo. "Kuya uone namna bantu bazima banafanya."

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Mi si mtu wa kutoka. Nina ruhusa ya siku mbili ya kutoka kambini mfukoni na tayari naikumbuka nyumba ninayoiona. Nilifunga kufuli, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, na kabla ya kufika barabarani nilimrudisha mwenye baiskeli mara mbili ili nikaangalie ile kufuli. Mara ya tatu akakataa, kwa Kiswahili alichookota kambini: "Bambo, kufuli imechoka kukuona."

Toka hapo mpaka Lilongwe mtaniuliza habari za mashamba na vilima. Sijui. Mi niliona kufuli.

Saa nne, Biwi. Nsimire alinipokea na nsima, ugali wa huku, na maharage, akanizunguka akinikagua. "Umekonda, kaka. Ao ni kichwa njo imekuwa kubwa?" Mchana kutwa nilihamisha viti vyake, nikakaza bomba ambalo halikuwa likivuja, nikafumua kwa wembe pindo alilokwisha kushona vizuri. Mwishowe akaninyang'anya wembe. "Ikala chini! Utatembea mpaka simenti ya batu iishe."

Jumamosi, saa moja asubuhi, Area 18. Mwalimu anaitwa Mayi Tadala, mama mfupi mwenye sweta, na uani kwake walikuwa wamesimama wanawake wanane. Yeye anasema Chichewa, Nsimire anatafsiri. Akaomba nionyeshe ninachokijua. Nikaonyesha, yote, kwa kasi yangu ya bando. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa chitenje, kitenge chake cha kiunoni.

"Pang'onopang'ono, bambo," akasema mwalimu. Hiyo haikuhitaji tafsiri. Mkono wake ulikuwa unashusha hewa polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Kisha akafuta yote niliyoyajua, akanipa moja tu: kusimama. Magoti yalegee. Mikono mbele ya tumbo, kama umeshika beseni la maji. Pumzi iingie kwa pua ishuke mpaka tumboni, itoke polepole kuliko ilivyoingia. Basi.

Nikasimama. Nikawaza kufuli. Nikawaza ndege. Nikamgeukia Nsimire.

"Sasa nifanye nini?"

"Anasema usifanye kitu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Anasema ukiuliza tena unaanza mwanzo."

"Vrema, kweli amesema hivyo?"

"Hapana, hiyo ni yangu. Simama."

Mkono ukaanza kutetemeka, nami nikaukaza. Mayi Tadala akagusa kiwiko changu: usipigane nao. Nikauachia. Ukatetemeka weee, mimi nikipumua, na mwishowe ukachoka kabla yangu. Kabla hatujaondoka alisema neno lingine, nalo nawafikishia: haya ni ya wasiwasi mdogo kama wangu, anayeshindwa kula au kulala arudi kliniki, asimtegemee yeye.

Jumamosi, alasiri, Dzaleka. Kufuli ilikuwa imefungwa.

Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mama Riziki alifika na mfuko mtupu wa kubebea vitenge vyake, akasimama mlangoni. Nikatandika cha kwanza. Nikaangalia vichwa vya ndege mara tatu. Nikalegeza magoti, nikashika beseni langu lisiloonekana.

"Tumbo inakuuma?" akauliza.

Mkono ukatetemeka, nikauachia, nikapumua, nikangoja. Kisha nikakata. Makasi yakaenda mpaka mwisho wa mstari wa chaki bila kuyumba, na nilipoinua kile kipande, kila ndege alikuwa kichwa juu.

Moyo haukutulia, nisiwadanganye. Bado unaruka hata sasa ninapoandika. Nilichojifunza ni kwamba unaweza kuruka na mkono ukafanya kazi yake. Furaha ikanizidi. Nikaweka makasi chini, nikaanza kumsimulia Mama Riziki safari nzima: Biwi, Area 18, beseni, pumzi, na jinsi nilivyofundishwa kusimama tu, bila kufanya kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akakunja ule mfuko mtupu, akaubana kwapani.

"Miaka kumi na mbili tunasimama hapa kwenye mustari ya posho, na hakuna mutu alitulipisha nauli. Imebaki ishirini na tatu, Papa Neema. Kata."