Pampu kutoka Burungu

Pampu ya maji ya gari inapokaribia kufa hutoa mlio mwembamba, kama mtoto wa nguruwe aliyebanwa mlangoni, kisha hufuata harufu ya maji ya moto yenye kutu. Mwezi uliopita nilikuwa kibarazani nachambua maharage, gari bovu la mtu nisiyemjua likapita likilia hivyo. Mikono yangu ilisimama. Nikajikuta tena Sake, uani kwetu, nina umri wa miaka tisa hivi, na mama yangu anatwanga kwa nguvu iliyotutisha sote.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru wa Kongo. Papa, yaani baba yangu, alikuwa na kamioneti kuukuu, gari dogo la mizigo lenye kiti kimoja kirefu mbele, alilonunua kwa mzungu wa mashamba aliyekuwa akifunga virago. Alikusanya maharage vilimani, akayalundika nyumbani mwetu mpaka tukawa tunalala tukiegemea magunia, halafu akayapeleka Walikale kupitia Masisi na Nyabiondo, na kurudi na mafuta ya mawese. Nafasi ya mbele, pembeni yake, ilikuwa ya wageni wa heshima: padri, mwalimu, mgonjwa. Mama hakuwahi kuikalia. Kila alipoomba kwenda Walikale, Papa alimjibu, "Njia iko mubaya, Mama Riziki. Itakuzeesha mbele ya wakati." Riziki ni mimi.

Siku pampu ilipokufa, gari lilirudishwa likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori la watu. Papa Leonardi, fundi wetu, aliinama akatuonyesha tundu dogo chini ya shingo ya pampu ambapo maji yalikuwa yakitoka. Alishika mhimili kwa vidole viwili akautikisa. Ulicheza kama jino la mtoto. "Hii imekwisha," alisema. "Tafuta ingine."

Mama alitaka pampu mpya. Papa alikwenda Goma akarudi nayo kwenye boksi, ikinukia mafuta safi, na sote tuliishika kwa zamu. Bolti ziliingia vizuri. Lakini ilikuwa imetengenezwa kwa magari ya miaka ya baadaye, mhimili wake ulikuwa mrefu zaidi, na Papa Leonardi alipozungusha feni kwa mkono, ncha za feni zilikwaruza radiata. "Tukiwasha, itaikata kama kabichi," alisema. Pampu mpya ikarudi ndani ya boksi lake.

Zilibaki zile za magari yaliyokufa. Wakati ule yalikuwapo mengi kando ya barabara, yameota majani mpaka kwenye usukani. Papa aliyazungukia na kurudi na kutu mikononi. Kisha mtu akamwambia kwamba Burungu, kwa mwanamke mmoja anayeitwa Venansia, kuna kamioneti kama yetu, ya mwaka uleule, na bado nzima.

Papa alidandia lori la soko akaenda. Alirudi jioni bila pampu, lakini na kibuyu cha maziwa ya mgando chenye mfuniko wa kusuka. Wiki iliyofuata alikwenda tena, akarudi na kibuyu kingine. Mama aliugeuzageuza ule mfuniko. Ulikuwa wa mkono wa mwanamke mwenye subira, na mama aliusoma vizuri.

"Pompi inanyonyesha siku hizi?" aliuliza.

"Mama Riziki, yule mama ni mwema tu."

"Sijasema ni mubaya. Bwana yake iko wapi?"

"Alikwendaka na wenzake kutafuta kazi kule Walikale. Hajarudi bado."

Mama alikifunga kibuyu. Maziwa alinituma niyapeleke kwa jirani yetu, Mama Yozefina. Mimi nilikuwa upande wa mama kwa moyo wote, nikamchukia Venansia kabla sijamwona, ingawa niliingiza kidole kibuyuni njiani na kukuta maziwa ni matamu kuliko yetu. Hilo nalo liliniudhi.

Nyanya yangu alizoea kusema wivu ni kama chumvi, kidogo hukoleza na nyingi hutapisha. Kwetu ilikuwa imeshamwagika. Niliona Papa alivyonyoa ndevu kabla ya safari ya tatu. Niliona alivyovaa shati la misa kwenda kutafuta chuma. Mama aliona niliyoyaona, akawa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu hata kuku wakahama ua. Na maharage ndani ya nyumba yalikuwa yameanza kuingia wadudu. Tulipotega sikio kwenye magunia usiku tuliwasikia wakila.

Papa aliporudi mara ya tatu, mikono mitupu, mama alifunga kikwembe, kitenge chake kizuri. "Kesho nakwenda miye," alisema. "Riziki, utanisindikiza."

Nyumba ya Venansia ilikuwa mgongoni mwa kilima, ng'ombe wakila majani chini yake. Kamioneti ilikaa kwenye kibanda chake chenyewe cha nyasi, imeoshwa, na kuku walikuwa wamezuiwa kwa ua wa matete. Mwenyewe alitoka akifuta mikono. Hakuwa mrembo wa kutisha kama nilivyotumaini, ila alikuwa na mwanya katikati ya meno, na mama aliuona mwanya huo kabla ya salamu.

"Karibu, Mama. Njo wewe bibi ya Papa Riziki?"

"Njo miye bibi yake. Nimekuja kuona pompi yenye inanyima bwana yangu usingizi."

Venansia alishangaa. "Pompi? Hajaniombaka pompi hata siku moja. Anafika, anaangalia motokari, anakunywa maziwa, anasema kwaheri."

Nilimwangalia mama. Uso wake ulikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Bila kuomba ruhusa aliinua kifuniko cha mbele cha gari, kwa maana mwaka mzima wa kumsikiliza mume akizungumzia gari humfundisha mtu, akashika mhimili wa pampu akausukuma kulia na kushoto. Haukucheza. Akazungusha feni. Ilizunguka kimya, na kwenye kidole chake yakabaki mafuta mabichi.

"Nani anatia mafuta?"

"Miye. Bonifasi, bwana yangu, alisema, kila siku ya Mungu, ukitoka misa, zungusha hii kitu, tia mafuta kidogo, isishike kutu. Siku nitarudi nikute inazunguka." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kupika ugali. "Basi, nazungusha."

Mama aliufuta mkono wake polepole. "Tangu mwaka gani?"

"Tangu Uhuru."

Walikaa. Maziwa yaliletwa, na safari hii mama aliyanywa. Kisha akasema alichokuja kusema, kwamba gari letu limekufa, magunia yanaliwa na wadudu, na pampu inayofaa ni hii peke yake. Venansia aligeuka akakitazama kibanda.

"Siuzishi," alisema. "Mutaibeba bure. Lakini motokari yenu ikitengenezwa, inaenda Walikale, kweli? Miye nataka ile kiti ya mbele."

"Ile kiti hata miye sijaikaliaka," mama alisema.

"Basi wewe njo utakata maneno, uamue."

Nilitaka mama asimame tuondoke. Kwenye njia ya Walikale, wakati wa mvua, watu waliweza kulala wakisubiri matope yakauke, na mwanamke huyu mwenye mwanya angekuwa bega kwa bega na Papa njia nzima.

"Na ukimukuta?" mama aliuliza.

"Nitamuuliza kama motokari ni yake bado."

"Usipomukuta?"

"Nitarudi. Nitaacha kuzungusha."

Mama alivua kikwembe cha juu, akakitandika chini ya gari. Venansia akaleta funguo za bolti za mumewe, zimefungwa kwenye kitambaa. Bolti tatu zilikubali. Ya nne iligoma, nao wakashika ufunguo mmoja mikono minne, wakavuta mpaka ikaachia ghafla na wote wawili wakaangukia makalio. Venansia alicheka kwanza. Mama alijizuia, akashindwa.

Tulirudi juu ya lori, pampu mapajani pa mama kama mtoto mchanga. Papa alipoiona, alisahau kutusalimu. Mama akamweleza masharti, mbele ya Papa Leonardi.

"Nilishindwa kumuomba," Papa alisema hatimaye. "Kuondoa kitu mule ni sawa kumuambia bwana yake amekwisha kufa. Kinywa kilikataa."

"Kwa kunywa maziwa kilikubali," mama alimjibu. Papa Leonardi akaingiza kichwa ndani ya injini acheke peke yake.

Fundi alikwangua mabaki ya karatasi ya zamani ya kuzuia maji mpaka chuma kikang'aa. Nyingine alitengeneza kwa upande wa boksi la karatasi la sabuni: aliulaza juu ya mdomo wa pampu, akagonga kingo taratibu kwa nyundo mpaka umbo likajikata lenyewe, akaupaka grisi. Akafunga bolti kwa kupishana, akakaza mkanda, akaubonyeza kwa dole gumba kuona kama unalegea kiasi. Maji yakamiminwa, injini ikawashwa. Mama na mimi tulilala kifudifudi kuangalia lile tundu dogo. Halikutoa hata tone.

Venansia alifika na sanduku la bati, amevaa kikwembe kipya. Alikaa mbele. Mama ndiye aliyemfungia mlango. Gari lilipopotea kwenye kona, Mama Yozefina alisema juu ya ua, "Leo kiti kimepata mwenyewe." Mama aliingia ndani. Siku zilizofuata nilimwona akitoka barabarani kila mlio wa injini uliposikika, akijifanya anatafuta kuku.

Waliporudi, mapipa ya mawese yalikuwa nyuma na Venansia bado yuko mbele. Bonifasi walimpata Walikale, mzima, na nyumba, na mke, na watoto. Papa alianza kushusha mapipa. Venansia alishuka, akamwambia mama, "Amesema motokari si yake tena." Mama alichukua sanduku lake kichwani, akamchemshia maji ya kuoga, na siku zile alizokaa kwetu alilala naye kitandani. Papa alipelekwa chumba cha mapipa, na mimi, niliyezoea mgongo wa mama, nikapelekwa mkekani, nikiwa na wivu kuliko wote.

Baada ya hapo Papa hakwenda tena Walikale peke yake. Kila safari mama alikaa mbele, mvua au jua, mimba ya mdogo wangu ikiwa imeshaanza kuonekana. Sake nzima ilicheka. Walisema Mama Riziki amepata wivu wa kudumu, analinda mume kama mahindi. Mimi pia niliamini hivyo, na niliolewa nikiamini hivyo.

Siku moja, miaka mingi baada ya Papa kutangulia mbele ya haki, nilimtania mama kuhusu ulinzi ule. Mama alishangaa kwamba nilikuwa bado sijaelewa.

"Sikukuwa nachunga baba yenu," alisema. "Mwanaume mwenye kutaka kubaki, anabaki tu. Venansia alizungusha feni miaka yote ile, na hata siku moja hakujua Walikale iko upande gani. Miye nilitaka kujua njia."