Makopo Mawili ya Dada

Dada yangu hakuwahi kupima rangi kwa kijiko. "Kijiko ni cha mtu asiyejua," alikuwa akisema, huku anachota unga kwa vidole na kuunyunyizia kwenye sufuria inayochemka. Kwa miaka thelathini na moja alitia rangi nguo za watu katika chumba cha uani: mashati yaliyopauka, mapazia ya ofisi, jezi za timu iliyofungwa kila wiki ikidhani tatizo ni rangi. Mimi, mdogo wake, nilikuwa wa kukoroga, kusuuza na kuanika. Nilikuwa pia wa kutukanwa, maana ulimi wa dada ulikuwa mkali kuliko siki tuliyotumia kuzuia nguo zisichuje.

Kwenye rafu ya juu palikuwa na makopo mawili yanayofanana, yote yalikuwa ya maziwa, yote hayana maandishi. Moja la nyekundu. Jingine la damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea mpaka ikakaribia weusi, kama divai. Unga wenyewe haupishani sana, lakini dada alitofautisha kwa jicho tu. Na kila rangi aliipa maana yake, mteja atake asitake. "Nyekundu ni ya mtu anayependwa na anajua kwamba anapendwa," aliwaambia. "Damu ya mzee ni ya aliyeachwa." Hapo hakuwa anatia chumvi. Mume wake alipoondoka akamwachia mtoto wa miezi minane, dada alilitoa sandukuni gauni lake jekundu la harusi, akalitumbukiza kwenye sufuria ya damu ya mzee. Alilivaa kwenda sokoni miaka na miaka, mpaka likachanika kwapani. Mtaa mzima ulijua lile gauni linasema nini. Binti yake alikua akilishika pindo.

Miaka miwili iliyopita dada alinipa shuka la mteja nilianike. Mteja alitaka nyekundu, na shuka lilikuwa damu ya mzee tupu. Nikadhani ananitania.

"Mbona unalikodolea macho?" akanifokea. "Wekundu gani mwingine unaoutaka wewe?"

Nikamtazama vizuri. Katikati ya mboni palikuwa na ukungu, nami ninayeshinda naye kutwa sikuwa nimeuona. Bluu na njano bado alizipata. Nyekundu ndiyo iliyokuwa imemkimbia.

Ningemwambia siku ile ile. Sikumwambia. Nilimwonea huruma na, niseme ukweli, nilimwogopa. Mtia rangi asiyeiona rangi atajiita nani? Nikanunua shuka jingine kwa siri, nikalitia mwenyewe. Kuanzia hapo, kila alipochukua kopo la nyekundu au la damu ya mzee, nilimtuma chumvi, au nilimwambia kuna mtu anamwita nje. Akirudi nimeshaimwaga sufuria yake na kuchanganya upya. Nguo ikitoka sawasawa, anaiinua juu, anatabasamu. "Umeona? Bila kijiko." Nilicheka naye. Mjinga mimi, nilikuwa najipongeza.

Kisha binti yake, tuliyemwita Kidosho kwa kupenda kioo tangu utotoni, akaleta mchumba. Kijana fundi redio, mpole, mwenye maneno matamu. Hayo maneno matamu ndiyo yaliyomponza, yalimkumbusha dada mtu. "Huyu atakuacha na mtoto mgongoni," alimwambia Kidosho mbele ya mchumba mwenyewe. Kidosho akahamia kwa rafiki yake, na kwa miezi minne mama na mwana hawakusemezana.

Wiki mbili kabla ya harusi dada alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake: alijishusha. Akanichukua tukaenda kwa mwanawe.

"Sitaki maneno mengi," akamwambia. "Gauni lako nitalitia rangi mimi, kwa mkono wangu. Jekundu. Siku utakayolifungua, utajua kama nimekubali au sijakubali."

Kidosho alimkumbatia akilia. Mimi nililia pembeni kwa sauti kubwa kuliko wenyewe.

Nilijua nitafanya kama kawaida yangu. Lakini siku ya gauni, dada alinifungia mlango. "Hili la mwanangu hulikorogi hata wewe," alisema. Niligonga nikasingizia kwamba nimesahau glavu zangu ndani, akanirushia dirishani. Jioni nililiona kwenye kamba, linadondosha maji. Lilikuwa limekolea mno. Nikajiambia ni ubichi tu, maana nguo iliyolowa huonekana nzito kuliko itakavyokuwa ikikauka. Hilo tumewaambia wateja mara elfu, na safari hii nilijiambia mwenyewe. Nilipoamka, dada alikuwa ameshalipiga pasi, ameshalifunga kwenye karatasi, na jirani ameshaondoka nalo kumpelekea Kidosho.

Asubuhi ya harusi gauni lilirudi. Juu ya karatasi Kidosho alikuwa ameandika: "Nimeelewa, mama. Usije."

"Ameandika nini?" dada akauliza, kwa kuwa hata maandishi yalikuwa yanamsumbua.

"Anasema tumsubiri," nikamjibu, nikatoka mbio.

Nilimkuta Kidosho kwa msusi, amevaa gauni jeupe la kuazima. "Mama yako haoni," nikamwambia, pumzi juu. "Amekosea kopo. Alitaka jekundu, naapa."

Alinitazama kupitia kioo. "Mama mdogo, usimtetee. Mapazia ya yule mama mwenye duka aliyatia mwezi uliopita, mekundu mpaka yanaumiza macho. Miaka miwili hii nani amelalamika? Nitajie mmoja."

Ningemtaja nani? Nikaanza kumweleza habari za sufuria nilizomwaga, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mwongo.

"Ya watu wote apatie," akasema, "akosee langu tu? Lile gauni lake nimelishika pindo miaka yote. Namjua." Akamwambia msusi aendelee.

Niliporudi, dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu vyake vya kutokea. Karatasi ilikuwa imechanwa, gauni liko mapajani.

"Mtu hamrudishii mama yake gauni bila sababu," akasema. "Hii ni rangi gani? Usinidanganye."

"Damu ya mzee."

Alilipapasa pindo kwa muda mrefu. "Nimeanza lini?"

"Miaka miwili."

"Na nguo za wateja?"

"Nilikuwa nazirudia, dada. Sikutaka uaibike."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa mikono miwili. Yeye aliinama akavua kiatu kimoja, akakiweka sakafuni, kisha cha pili.

"Ungeniacha nikosee kwenye nguo za watu, mdogo wangu," akasema.