Jaketi za Wageni

Nyumbani kwetu kulikuwa na vikombe ambavyo sijawahi kuvinywea chai mpaka leo. Vilikaa ndani ya kabati la vioo, vimefunikwa kitambaa alichokifuma mama kwa mkono, na kazi yao ilikuwa moja tu, kungoja wageni. Sisi tulinywea vikombe vya bati vilivyobanduka rangi. Godoro zuri lilikuwa la wageni. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mgeni, na kama hakuna mgeni, kuku mwenyewe anaendelea kutembea uwanjani. Baba alisema hiyo ndiyo heshima ya boma. Nilimwamini miaka mingi. Siku hizi nikisikia mtu anasifu ukarimu wa watu wa Bungoma, natafuta pa kuangalia.

Boma letu lilikuwa karibu kabisa na mto Nzoia, na barabara ya kwenda Kitale ilikuwa ng'ambo. Daraja lilikuwa mbali, safari ya kuzunguka nusu siku, kwa hivyo tulivuka kwa mtumbwi. Waya mnene wa chuma ulifungwa kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande ule, na mvushaji alisimama ndani ya mtumbwi akiuvuta ule waya kwa mikono, polepole, mpaka ukingo wa pili. Mama alivuka kila siku ya soko na magunia yake ya sukuma wiki na kunde kwenda kuuza Kitale. Hakujua kuogelea. Hakuna mama wa pale aliyejua. Mto ulikuwa wa kuchota maji, kufulia na kuvuka, sasa nani angepata nafasi ya kucheza ndani yake?

Hatukuwa peke yetu majini. Juu kidogo, nyuma ya kona, wachimba mchanga walikuwa na mitumbwi yao mizito. Walipoteremka na mzigo walipiga mbinja kwenye kona, na mvushaji akisikia mbinja alingoja ukingoni mpaka wapite, wameinama chini ya waya. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yote ya usalama kwenye mto wetu. Mbinja.

Nilikuwa kidato cha tatu, wakati simu za mkononi zilikuwa zimeanza kufika kwetu na wenye nazo wakizining'iniza shingoni kanisani, ndipo walipokuja wale watu wa mitumbwi ya plastiki. Kayaki, wenyewe waliita hivyo. Walikuwa vijana wa kizungu na kiongozi wao, Mkenya mmoja wa Nairobi mwenye hasira za karibu. Waliingia mtoni huko juu, na kwa sababu hakuna aliyewaambia habari ya mbinja, walitokea kwenye kona kimya kimya, na waya wetu ukampiga msichana mmoja kifuani ukamwangusha majini. Sisi tuliokuwa ukingoni tulishika vichwa. Lakini yule msichana aliibuka hapo hapo, akaelea kama kibuyu, akikohoa na kucheka, kwa sababu alikuwa amevaa jaketi nene ya rangi ya chungwa, ile ya kumfanya mtu aelee majini.

Kiongozi wao alifoka kwanza, kisha akatulia, akakaa nasi kwenye majani akatufundisha. Alisema waya wa namna ile ni mtego kwa mtu anayeteremka, kwa hivyo tuufunge vitambaa vyekundu uonekane kutoka mbali. Alisema anayeteremka na maji hana breki, kwa hivyo anayevuka ndiye wa kungoja, tena aangalie juu ya mto kwa macho yake mwenyewe, asitegemee masikio. Tukae chini ndani ya mtumbwi, tusisimame. Akina mama wasijifunge mizigo mwilini. Maji yakigeuka kahawia na kuanza kubeba miti, hakuna kuvuka. Mimi alinichagua nivae jaketi, akanionyesha mikanda yake, unaifunga wapi na unaikaza vipi, kwa maana jaketi isiyokazwa inakuvuka kichwani na kukuacha chini. Walipoondoka walituachia jaketi sita.

Vitambaa vyekundu tulifunga. Kukaa chini, akina mama walikataa, maana sakafuni mwa mtumbwi daima kulikuwa na maji na hakuna anayetaka kufika soko la Kitale na rinda limelowa nyuma. Na jaketi zilipokelewa na baba. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kivuko na pia mzee wa kanisa, kwa hivyo alizibeba mpaka stoo ya kanisa, akazikunja vizuri, akazitia kwenye sanduku la bati na kufuli.

Bana, zile jaketi ziliheshimiwa. Diwani alipokuja kutuona, alivushwa amevaa moja, na ilikuwa kiangazi, mtu angevuka kwa miguu bila kulowesha magoti. Maharusi walivaa. Mwalimu mkuu mpya alivaa. Akina mama walipouliza mbona na sisi tusivae, si tunavuka kila wiki, baba aliwajibu kwa upole kabisa kwamba vitu vizuri haviwekwi kwenye magunia ya mboga. Nao wakaelewa! Hilo ndilo linaloniuma. Hawakugomba. Walikuwa na kabati zao nyumbani na vikombe vyao, walielewa vizuri sana.

Mwaka uliofuata askofu alituma habari kwamba angekuja Jumapili kubariki kanisa letu jipya, akitokea upande wa Kitale. Mama alipewa kazi ya kufua jaketi, akazifua kwa sabuni ya unga, akazianika juu ya ua wa michongoma mbele ya kanisa. Jumamosi asubuhi akatumwa Kitale kununua mikate na soda za wageni. Mvua ilikuwa imenyesha juu kwenye milima ya Cherangany usiku kucha, na mto ulikuwa umekuja mkubwa, kahawia, unanguruma. Waya ulikuwa umelegea hadi karibu uguse maji.

Mimi nilikuwa nafagia uwanja wa kanisa. Mama alisimama pale kwenye ua na kikapu chake, akaangalia mto, akaangalia jaketi, kisha akamwambia baba, "Mzee, nipe moja nivae leo. Nikirudi nitaifua tena."

Baba alikuwa anapanga viti. Hakukasirika, hata hakuinua sauti. "Mama, hizo ni za wageni. Ukivuka nayo itachafuka, na kesho askofu atavaa nini?"

Mama akasema haya. Hilo "haya" nalichukia mpaka leo. Nimelisikia kwa wanawake wengi tangu siku hiyo, na kila mara natamani kumtikisa anayelisema. Akapita kando ya jaketi sita za rangi ya chungwa, karibu zimguse bega, akateremka mtoni.

Kwenda alienda salama. Ya kurudi nilihadithiwa na mvushaji, tena baada ya kumbana sana. Alisema mama alimkuta ng'ambo saa za jioni na mikate yake ndani ya katoni. Alimwambia mto si mzuri, wangoje. Mama akajibu kwamba wageni ni kesho. Mvushaji alitega sikio kwenye kona, hakusikia mbinja, akaanza kuvuta waya. Wangewezaje kusikia mbinja? Mtumbwi uliotokea kwenye kona haukuwa na mtu. Maji yalikuwa yameung'oa pale wachimba mchanga walipoufunga, nao ukateremka peke yake, mtupu, bila wa kupiga mbinja wala wa kuinama. Uliupiga wetu ubavuni. Mama alikuwa amesimama, amekumbatia katoni isilowe. Mvushaji alibaki ananing'inia kwenye waya. Alisema mama aliibuka mara moja, akamwona kichwa na mkono, kisha hakumwona tena.

Aliibuka mara moja. Yule msichana wa kizungu naye aliibuka mara moja, na hiyo ilimtosha.

Wachimba mchanga walimpata Jumatatu, mbali chini, amekwama kwenye mizizi upande wa ng'ambo, na polisi wakampeleka mochwari Kitale. Askofu alikuja, ila si kubariki kanisa, alikuja kuzika. Wageni wengi mno walikuja. Kabati lilifunguliwa, vikombe vikatoka, na watu nisiowajua wakanywa chai ndani yake wakisema mama alikuwa mtu wa watu.

Siku ya mazishi barabara ya kuzunguka kwa daraja ilikuwa tope tupu, gari la mochwari likakwama. Ikabidi jeneza lirudishwe kivukoni, upande wa ng'ambo, livushwe kwa mtumbwi. Maji yalikuwa yamepungua lakini bado yalikuwa na nguvu, na mvushaji, ambaye tangu Jumamosi ile alikuwa haongei na mtu, alikataa katakata. Alisema haanzi safari bila jaketi. Mtumbwi ukipinduka jeneza litazama, na hawezi kumpoteza mama yule yule mara mbili kwenye mto ule ule.

Watu wakamtazama baba. Alitoa ufunguo mfukoni, akatuma sanduku liletwe, akavuka nalo hadi upande wa pili, na mimi nikiwa naye. Alichagua jaketi mbili akazizungusha kwenye jeneza, moja kichwani, moja miguuni, akahangaika na mikanda. Hakujua kuifunga. Mwaka mzima alizitunza, alizihesabu, aliwavalisha madiwani mabegani kama koti la harusi, na hakuwahi kujua mkanda unaingilia wapi. Nilimsogeza mkono, nikafunga mwenyewe, nikakaza.

"Baba," nikamwambia, mbele ya wazee wote, "leo amekuwa mgeni?"

Mzee mmoja alinikemea kwamba huu si wakati wa maneno, na mtumbwi ukaondoka. Mama alivuka Nzoia na jaketi mbili, polepole, mvushaji akiangalia juu ya mto kila anapovuta, na upande wa nyumbani kwaya ilikuwa inaimba.

Siku tatu baadaye, asubuhi, nilipita kanisani nikazikuta. Zote sita, juu ya ua wa michongoma, zimefuliwa, safi, zinachuruzika maji. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa na beseni lenye povu mbele yake, mikono imekunjamana kwa maji. Labda alikuwa analia, sijui. Sikutaka kujua. Kando yake lilikuwa lile sanduku la bati, wazi, na kufuli juu yake.

Nilianza kuzitoa kwenye ua moja moja na kuzitia begani. Moja ilinasa kwenye mwiba, nikaivuta ikachanika kidogo.

"Hazijakauka," baba akasema.

Nikateremka nazo hivyo hivyo, maji yakinitiririka mgongoni. Mtumbwi ulikuwa ukingoni, na mama mmoja jirani yetu alikuwa anapandisha gunia lake la kabichi la kwenda Kitale. Nilimwinua mikono nikamvalisha. Alishangaa, akajitazama kifuani, akaniuliza kama kuna wageni wanakuja leo. Nilimfunga mikanda, nikakaza mpaka akalalamika, na ndipo nikamwachia apande.