Kadhi Aliyeitwa Abudi

Juzi harusini kila mtu aliniita Al-Haji, nami nikakumbuka alasiri ile ya utotoni Kadhi alipokuja kwetu Kuze. Joho lake lilinukia udi. Bibi yangu, aliyemlea tangu mchanga, alimmiminia kahawa.

"Wee Abudi, mbona umekonda hivi? Mkeo hakulishi?"

Kadhi alicheka mpaka kilemba kikamwenda upande. Mimi nilidhani ametukanwa.

"Bibi, mwite Sheikh!" nikamkemea mbele ya mgeni.

Bibi alimsogezea sahani, akasema taratibu, "Karibu haluwa, Sheikh."

Kadhi akaacha kucheka. Alimaliza kahawa yake, akaaga.

Bibi hakumwita Abudi tena. Sikujua kwamba Kadhi hakuwa amebakiwa na mwengine wa kumwita hivyo. Juzi, katika harusi nzima, sikumwona hata mmoja wa kuniita Saidi.