Gauni la Friji

Miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumiminika madukani, friji halikukaa jikoni. Nani angeliona huko? Letu lilisimama sebuleni, mgongo umegandamana na ukuta, mgeni akiingia tu analiona. Baba, karani wa serikali, alilileta kwa treni kutoka Dar es Salaam, nalo lilikuwa limeshatumika Uarabuni. Mtaa wetu wote pale Dodoma haukuwa na jingine.

Mama alilifumia vitambaa vya kila mahali: cha juu, cha mlango, hadi cha mpini. Kuvifua kila Jumamosi ilikuwa kazi yangu, na navichukia mpaka leo. Kisha, kwa kuogopa vumbi la Dodoma, akalishonea gauni la nyuma la kitambaa kizito, kutoka juu hadi sakafuni. Hilo halikuvuliwa kamwe. Lilipendeza, sikatai.

Ndani, pembeni ya zabibu za Hombolo, zilikaa chupa mbili za dawa ya sukari. Zilikuwa za jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga. Kila asubuhi kabla ya chai alibisha hodi, namwamkia, nampa chupa, anajidunga palepale kwenye kochi letu huku akinigombeza kwa kusimama kama mgonjwa. Nilimwogopa na nilimpenda. Hodi ile ningependa sana kuisikia tena.

Oktoba moja, joto limepamba moto, friji likaacha kupoza. Linanguruma, taa inawaka, lakini maji ni ya uvuguvugu. Baba akaanza ufundi wake. Akachomoa plagi, akachomeka. Akazungusha swichi ya baridi hadi mwisho. Akabana karatasi mlangoni aone kama mpira umelegea, karatasi ikang'ang'ania. Mwisho akalizaba kofi, likaendelea kunguruma.

Mama alikuwa na jibu lake: macho ya watu.

"Wanaliangalia mno," alisema, akalizungushia khanga mbili ubavuni mpaka ukabaki mlango tu. Kesho yake hali ikazidi.

Siku ya tatu Mama akamwambia mwalimu, macho chini, "Unisamehe, mwalimu, friji limekufa. Dawa yako itaharibika humu."

"Haina neno, mwanangu," mwalimu akajibu. Akabeba chupa zake, akaenda kuzihifadhi kwa kitambaa kibichi kando ya mtungi wake wa maji. Asubuhi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nilimkasirikia Baba kana kwamba yeye ndiye aliyeliunda friji lile.

Hatimaye Baba akaleta fundi, mzee wa Kondoa mwenye balaghashia. Hata mfuko wa vifaa hakuufungua. Alipapasa ubavu, akachungulia nyuma, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Mama, umelivalisha koti la baridi ya Njombe hapa Dodoma! Friji linatolea joto mgongoni. Ukilifunika, litapumulia wapi?"

Tukalivuta, tukalivua. Mabomba membamba ya nyuma yalikuwa yamevaa vumbi na nyuzi, nene kama blanketi. Fundi akasugua kwa brashi yetu ya nguo, akaagiza tuache nafasi kati yake na ukuta. Alasiri maji yaliuma meno. Baba alishangilia, lakini Mama alikunja lile gauni la friji, na aibu aliyokuwa nayo usoni ilinifanya nimhurumie.

"Twende kwa mwalimu," akaniambia.

Tulikuta chumba kitupu. Katikati kulikuwa na sanduku lililofungwa kamba, na mwalimu amekaa juu yake, amevaa viatu vya safari. Alikuwa anahamia kwa mwanawe Singida.

Mama akapiga magoti. "Shikamoo, mwalimu. Friji limepona. Kosa ni langu, nililifunika nguo likashindwa kupumua."

"Marahaba." Mwalimu akamgeukia. "Kumbe liliharibika kweli?"

"Kweli, mwalimu."

"Mimi nilidhani umezichoka chupa zangu, ukakosa namna ya kuniambia."

Mama akasogea kwa magoti yake mpaka kwenye sanduku, akaanza kufungua ile kamba, na fundo lilipokataa vidole, akalishika kwa meno.