Sukari ya Bwana Taa

Shangazi alivaa gauni lake la kuendea harusini kwenda kumsikiliza marehemu mumewe. Mgodi ulifungwa zamani, sasa umekuwa makumbusho, na tulisikia kwamba sauti za wachimbaji wazee zimehifadhiwa mle: unavaa hedifoni, unabonyeza picha ya umtakaye. Njia nzima aliniambia nisimkimbize, na yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Mumewe aliitwa Bwana Taa kwa sababu alikuwa akigawa taa za kofia kwa wanaoshuka shimoni. Kabla ya hapo alishuka mwenyewe, bega kwa bega na baba yangu, kaka yake Shangazi. Ukaja mgomo. Kamati ilikutana kwa siri, mtu akawauza kwa wakubwa, baba akafukuzwa kazi na nyumba ya kampuni akanyang'anywa. Akaishia kuponda kokoto mpaka kifua kikamshinda. Shangazi aliapa kutokanyaga mgodini tena. Na kila alipoombea chakula alianza kwa kumlaani yule msaliti, chakula kikipoa, huku Bwana Taa akiitikia "Amina!" kutushinda sote.

Kiapo alikivunja kwa ajili ya sauti ya mumewe.

Hedifoni zinaning'inia kwenye kaunta ileile aliyogawia taa. Shangazi alibonyeza picha, akacheka papo hapo.

"Anakohoa vilevile!" akasema kwa nguvu, watu wakageuka. "Na mimi nimo! Nasikika nikipanga vikombe."

Kisha akaibana hedifoni sikioni. Mkono uliokuwa ukipapasa picha ukashuka.

"Anasemaje, Shangazi?"

"Nenda kaninunulie maji."

Chupa ya maji ilikuwa mkobani mwake, imejaa, niliijaza mwenyewe. Lakini mkubwa akikutuma unakwenda. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Rudi. Usiende kokote. Mimi si kama yeye."

Akanivika hedifoni, akaanzisha upya.

Nikasikia kikohozi, vikombe, kisha Bwana Taa kwa upole wake wote: "Mama watoto, hebu tufuatie sukari dukani, mgeni asije akanywa chai chungu." Mlango ukafungwa. "Sukari ipo," akamwambia aliyekuwa akimrekodi, "ila hili sitaki alisikie." Akaeleza bila kusita, kama mtu anayeelekeza njia. Aliyewataja wanakamati ni yeye. Alianza na shemeji yake, ili wakubwa wamwamini. Shimo lilikuwa likimtisha, na wao wakamlipa kwa kumpa kazi ya juu, ya taa. "Wekeni tu huko," akasema. "Yeye mgodini hakanyagi."

Akacheka. Mlango ukafunguliwa, ikaingia sauti ya Shangazi, inahema, ina furaha: "Baba watoto, unazeeka! Mbona kopo limejaa?" Wakacheka wote.

Nilivua hedifoni nikitamani afufuke nimzabe makofi. Alinibeba mabegani siku ya kumzika baba, na mimi nikamshika shingo.

Shangazi alikuwa ameegemea kaunta, anaangalia viatu vyake.

"Nilikimbia," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha siku ile. Nikakimbia kwenda na kurudi, nisimwaibishe mbele ya mgeni wake."